Gia ya tano kwenye MGB GT yangu: raha ya M4, karaha ya taa za barabarani

Gari langu ni MGB GT ya mwaka 1971, gari dogo la michezo la Kiingereza, kijani iliyokoza, bampa za kromu, injini ya cc 1798 na kabureta mbili za SU ambazo hukaa sawa wiki tatu kisha zikakumbuka umri wao. Ninaishi Reading, na karibu kila mwezi huenda Bristol kwa dada yangu kupitia barabara kuu ya M4. Aliyelinunua gari hili likiwa jipya hakulipia ovadraivu, kile kifaa cha ziada cha giaboksi kinachopunguza mizunguko ya injini ukiwa kwenye kasi. Aliona ataokoa pesa, na kweli akaziokoa, ila deni likaja kulipwa na masikio yangu miaka hamsini baadaye.

Hesabu yenyewe ni hii. Gia ya nne ya MGB ni moja kwa moja, yaani propela shafti huzunguka sawa na injini, na difu yake ni 3.9, yaani shafti hiyo huzunguka mara 3.9 tairi zikizunguka mara moja. Ukienda maili 70 kwa saa, yaani kilomita 112, injini inazunguka karibu mara 3,900 kwa dakika. Haitakufa kwa hilo, injini hizi ni ngumu. Lakini humo ndani ni kama umekaa na mashine ya kusaga unga. Dada yangu alikuwa akinicheka kwamba nikifika kwake huwa napayuka mpaka kikombe cha kwanza cha chai kiishe, maana masaa yote mawili nimekuwa nikishindana na injini.

Juu ya kelele, giaboksi yenyewe ilikuwa imechoka. Gia ya pili ilikuwa inakwaruza ukiiharakisha, sinkro, vile vipete vya kulinganisha kasi ya meno, zimelika, na kwenye gia ya kwanza kulikuwa na mlio wa kunung'unika ambao kila mwezi ulipanda sauti. Ilikuwa lazima itoke. Na wenye MGB mnajua kutoka kwake kukoje: giaboksi haishuki kwa chini kama ya pikapu ya Toyota. Injini na giaboksi hutoka pamoja, kwa juu, kama mapacha walioshikana. Ukishaingia gharama ya kreni na maumivu ya mgongo, unajiuliza utarudisha nini humo ndani.

Nilikuwa na njia tatu. Kuikarabati ya zamani ikabaki na gia zake nne. Kutafuta giaboksi iliyotumika yenye ovadraivu ya Laycock. Au kununua seti ya kugeuzia, inayokuja na giaboksi ya gia tano ya Ford, ile inayoitwa Type 9. Zipo pia seti za giaboksi ya Mazda MX-5, na watu wanazisifu, ila muuzaji niliyefika kwake na kushika vitu kwa mkono alikuwa na ya Ford.

Type 9 si kitu cha ajabu. Ford waliitia kwenye Sierra kuanzia 1982, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye Capri 2.8 Injection, gari lenye injini ya V6. Waliojiundia magari madogo ya michezo wameitumia miaka mingi. Kwa hiyo kama ilibeba V6, injini yangu yenye nguvu za farasi tisini na kitu haiwezi kuiumiza. Hilo ndilo lililonipa imani. Nililipa pauni 2,700 na ushei, pamoja na usafiri, nikapata giaboksi iliyokarabatiwa, belihauzingi mpya ya aluminiamu (ganda linalounganisha giaboksi na injini), sahani ya klachi, rilizi, bushi ya kwenye kreki (shafti kuu ya injini), propela shafti, kebo ya spidomita, kishikizo cha nyuma na mfuko wa bolti.

Malalamiko yangu kwa muuzaji niyamalize hapa, na jina lake nalihifadhi. Sahani ya klachi iliyokuja haikuwa yake. Meno yake yalikataa kabisa kuingia kwenye shafti ya giaboksi, na hilo ningeligundua mapema kama nisingeacha boksi wiki mbili bila kulifungua. Walinitumia nyingine baada ya siku tisa, bila ubishi, ila ile ya kwanza niliirudisha kwa nauli yangu. Karatasi ya maelekezo nayo ilikuwa kopi ya kopi: picha zote nyeusi, huoni bolti wala mkono. Kwa pesa ile nilitegemea angalau picha.

Kazi tuliifanya watu wawili, mimi na mzee mmoja wa Tanga ambaye mimi humwita Ami. Alikuwa fundi nyumbani, akaja huku akawa fundi, sasa amestaafu na anachoka kukaa nyumbani kuliko alivyochoka kazini. Mimi ni mtu wa kompyuta mwenye spana. Tulijipa wikendi mbili. Zikawa nne.

Kuitoa injini sitakuchosha nako. Unatoa boneti, unamwaga maji, unatoa rejeta, kabureta, eksozi, unafungua propela shafti na kishikizo cha giaboksi chini, na unakata umeme kwanza. Kwenye gari la umri huu betri ni mbili za volti sita, zimezikwa nyuma ya viti, na Ami alikaa kimya akinitazama nikizitafuta chini ya boneti kama mgeni. Silinda ndogo ya klachi tuliifungua bila kukata bomba lake, tukaining'iniza kando kwa waya. Kisha kreni, mnyororo, na kuinamisha: pua juu, mkia chini, huku mmoja anasukuma na mwingine anasema "taratibu, taratibu" hata pale ambapo hakuna mtu anayeharakisha.

Lakini bushi, hiyo nitaisimulia.

Mwishoni mwa kreki, katikati ya flaiwili, kuna kibushi kidogo cha shaba ambamo pua ya shafti ya giaboksi hukaa na kuzunguka. Cha zamani lazima kitoke, cha seti kiingie. Kimekaa ndani ya tundu lisilo na upande wa pili, kimebana, na hakina mahali pa kushika. Mimi nilikuwa nimeshapata kwenye simu pula maalumu ya pauni arobaini. Ami akaniuliza, "Mwanangu, jikoni kuna boflo?"

Nilidhani ana njaa. Nikamwambia upo mkate wa dukani, ule uliokatwa vipande. Akasema ule ndio mzuri zaidi, kwa sababu hauna ubavu. Akatoa maganda, akafinyanga nyama ya mkate kwa maji kidogo, akaijaza kwenye bushi kwa kidole mpaka tundu likafurika. Kisha akachukua bolti nene, akaizungushia utepe mpaka ikaingia bushini bila kucheza, akaipiga nyundo. Mkate ukashuka. Akajaza tena, akapiga. Akajaza, akapiga. Kwenye kipande cha nne mlio wa nyundo ukabadilika, ukawa mzito, kama unapiga jiwe. Hapo mkate umeshindiliwa, hauna pa kwenda ila nyuma ya bushi, na kila pigo unaisukuma bushi ije nje. Kipande cha sita bushi ilikuwa imetokeza nusu, ikashikwa na koleo, ikatoka na kaki ngumu ya mkate nyuma yake, imelainika kama sabuni. Grisi hufanya kazi hiyo hiyo, wengi huku hutumia grisi, lakini grisi inakurukia usoni. Mkate unaufuta kwa kitambaa na kazi imekwisha. Pauni arobaini zangu zikabaki mfukoni.

Alipoondoka jioni ile aliniachia agizo moja: loweka bushi mpya kwenye oili usiku kucha, na ukishaigonga ndani, chukua giaboksi uijaribishe pua yake kabla hujafunga klachi. Niliiloweka. Niliigonga ndani. Kuijaribisha sikuijaribisha, kwa sababu giaboksi ni nzito na nilikuwa peke yangu, na bushi ilikuwa mpya, ya seti hiyo hiyo, itakataa nini?

Ilikataa. Jumamosi iliyofuata tulifunga klachi, tukaiweka katikati kwa kile kijiti cha plastiki, tukaileta giaboksi kwenye kreni. Ikaingia vizuri, vizuri, kisha ikasimama. Pengo la milimita nane kuzunguka belihauzingi yote. Tukaitikisa, tukazungusha kreki kwa spana ili meno yapatane, tukaitoa tukairudisha. Milimita nane. Mimi nikachukua bolti mbili ndefu nikataka kuivuta ikae, na hiyo ndiyo mara pekee Ami alinipandishia sauti. Ukivuta kwa bolti unavunja sikio la aluminiamu, au unaibana shafti ikae inasukuma kreki mbele mpaka iue beringi za ubavuni. Kitu kisichoingia kwa mkono kina sababu yake.

Sababu ilikuwa bushi. Nilipoigonga ilijifinya kidogo, unene wa karatasi tu, na pua ya shafti haikuingia. Tukafungua klachi, tukaipanua bushi kwa rima aliyokwenda kuichukua kwake, tukaijaribisha kwa mkono mara tatu, ndipo tukafunga upya. Giaboksi ikateleza mpaka mwisho kwa mlio mmoja mdogo wa chuma kukutana na chuma. Siku nzima ilikwenda hapo. Karatasi ya maelekezo haikuwa na neno hata moja juu ya hilo, na hapo namlaumu mwenye seti nusu, nusu nyingine ni yangu.

Kuirudisha injini ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Kishikizo cha nyuma kilikaa kwenye matundu yale yale, bodi hatukuikata popote, na mkono wa gia ulitokea kwenye tundu lake la asili. Hilo nawapa alama zote. Kwa magari kama langu yenye sinkro kwenye gia zote nne, yaani yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa 1967, nafasi ya katikati inapokaa giaboksi ni pana. Mwenye gari la kabla ya hapo aulize mapema.

Mambo mawili ya oili. Giaboksi ya asili ya MGB inakunywa oili ya injini, 20W50 ile ile, na mkono umezoea. Hii ya Ford inataka oili ya giaboksi, basi iweke chupa mbele ya macho. La pili, yangu haina nati ya kumwagia chini. Unajazia kwa tundu la ubavuni mpaka ianze kurudi nje, na siku ya kuibadilisha utainyonya kwa bomba kupitia tundu hilo hilo. Kwa hiyo jaza ikiwa bado iko kwenye meza kama unaweza, kuliko kulala chali chini ya gari na chupa inayokudondokea shingoni.

Spidomita ikawa mwongo tangu siku ya kwanza. Simu inasema maili 60, sahani inasema 66. Saa hizi za Smiths zina namba ndogo imeandikwa usoni, idadi ya mizunguko ya kebo kwa maili moja, na giaboksi mpya haizungushi kebo kwa idadi hiyo. Muuzaji alisema "itakuwa karibu". Karibu yake na yangu hazifanani. Niliipeleka kwa mtaalamu wa saa za magari akairekebisha, na gharama hiyo haimo kwenye zile 2,700. Bima nao niliwaarifu, wakaandika, bei haikupanda kitu cha kusema.

Sasa barabarani.

Mara ya kwanza M4 niliingia saa kumi na mbili alfajiri, barabara tupu. Nikapanda mpaka ya nne, 70, kelele ile ile ninayoijua. Nikashika klachi, nikavuta mkono kulia kisha mbele. Sindano ikashuka kutoka 3,900 ikatulia kwenye 3,200. Nikaanza kusikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia ndani ya gari hili: upepo kwenye kioo cha pembetatu, tairi kwenye viungo vya lami, sarafu ikicheza kwenye kisahani cha majivu. Nilifika Bristol nikabisha hodi kwa sauti ya kawaida. Dada akauliza kama naumwa.

Kwa hiyo gia ya tano ni kama walivyoahidi, na sina cha kuipunguzia. Karaha iko upande wa pili wa mkono.

Gia ya tatu na ya nne za Type 9 ni kama zile zile za MGB: 1.37 badala ya 1.38, na moja kwa moja. (Namba hizi ni mizunguko ya injini kwa mzunguko mmoja wa propela shafti; namba kubwa ni gia fupi, namba ndogo ni gia ndefu.) Kilichobadilika ni kule chini. Kwanza ya MGB ni 3.44 na pili ni 2.17. Kwanza ya Type 9 ya kawaida, ile ya injini za silinda nne, ni 3.65, na pili ni 1.97. Yaani ya kwanza imekuwa fupi zaidi, na ya pili imekuwa ndefu zaidi, na katikati yao kumechimbika shimo. Zamani nikivuta ya kwanza mpaka 4,000, ya pili ilinipokea kwenye 2,500. Sasa inanipokea kwenye 2,150, na injini inashusha pumzi kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Kwenye taa za barabarani gari halijavuka hata mstari mweupe na ya kwanza imeshaisha inaomba ya pili. Ukipanda kilima cha Caversham, hapa Reading, nyuma ya basi, ya kwanza inalia, ya pili inakufa. Giaboksi hii iliundwa kwa Sierra yenye uzito wake na difu yake, MGB ina difu fupi, na mwenye kulipa ni mguu wa kushoto.

Nimejifunza kuishi nalo. Ya kwanza ni ya kunyanyua tairi tu, gari likishajongea naingia ya pili mapema, na kwenye mizunguko ya barabarani kama gari bado linatembea sirudi ya kwanza kabisa. Lakini ni kujifunza, na kila anayeliendesha mara ya kwanza anauliza kuna tatizo gani.

Dawa ipo, na nilionyeshwa nikaikataa. Wauzaji wengi wa giaboksi hizi wanauza seti ya meno yenye gia ya kwanza ndefu, inayoziba lile shimo. Kwa muuzaji wangu ilikuwa nyongeza ya pauni mia nne na kitu. Nilikuwa nimeshatoa 2,700, mkono ukawa mzito. Ami hakusema kitu siku ile, amekuja kusema baadaye, kwenye foleni ya taa, mara moja tu: "Rahisi ghali, mwanangu." Ukiwa unafikiria kununua, swali la kwanza kumuuliza muuzaji liwe juu ya gia ya kwanza, kwa namba. Ya tano haina haja ya kuulizwa, ni 0.82 kote. Na akikuambia anayo ya V6, hiyo ya kwanza yake ni 3.36 na ya pili 1.81, ni bora kwa kuondokea taa lakini shimo bado lipo.

Mkono wenyewe ukoje? Ya MGB ilikuwa fupi na kavu, unaingiza kwa kiganja. Hii inavutika zaidi, na asubuhi ya baridi ya pili inakuwa kama kijiko kwenye uji mzito kwa maili mbili za mwanzo. Ikipata moto inakuwa nzuri. Haikwaruzi. Klachi imekuwa nyepesi, hata mke wangu ambaye alikuwa amelisusa gari hili sasa analipeleka dukani, ingawa mizunguko yote anaichukua kwa gia ya pili akinilaani.

Mwenye MGB yenye ovadraivu inayofanya kazi, kaa nayo. Ovadraivu ya Laycock ya magari ya rika la langu ina uwiano wa 0.82. Soma tena: 0.82, sawasawa na gia ya tano ya Ford. Utatumia maelfu ya pauni upate mzunguko ule ule wa injini barabara kuu, upoteze na kile kiswichi kitamu cha kubonyeza bila kugusa klachi. Ikisumbua, mara nyingi ni waya au oili, itengeneze. Na jamaa zangu wa Mombasa na Nairobi wenye magari haya wameshaniuliza. Kama gari lako ni la Jumapili mjini, la kutoka Nyali kwenda Fort Jesus na kurudi, pesa hiyo karabati ya zamani, gia ya tano utaiona mara mbili kwa mwaka. Kama unalipeleka Mombasa hadi Nairobi, kilomita karibu 480 na malori ya kupita, hapo tunaweza kuzungumza, na nunua yenye ya kwanza ndefu.

Mimi nimeshaagiza yale meno. Mwezi wa kumi na moja injini inatoka tena, na safari hii boksi nitalifungua siku linapofika. Giaboksi ya asili nimeifuta, nimeifunga kwa nailoni, ipo chini ya meza ya kazi pamoja na propela shafti yake na kebo yake. Siku nitakapoliuza gari, kama mnunuzi atalitaka kama lilivyotoka kiwandani Abingdon, vitu vyake vyote vipo.